Kidole cha Kipa

Rwamba aliponipigia simu kunijulisha kwamba baba yake amefariki, nilimpa pole, nikakata, kisha nikaanza kuzunguka sebuleni humu Dallas, mtaa wetu hapa mjini Embu, nikihamisha viti ambavyo havikuwa na kosa lolote. Mke wangu akauliza, "Kwani unatafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu. Mimi nikifiwa siketi. Wengine hulia, wengine hulala, mimi miguu yangu hukataa kutulia. Jioni ile ile Rwamba akapiga tena. Familia ilikuwa imekaa ikapanga, na ilitaka watu watatu wasimame siku ya mazishi: mmoja wa kanisa, mmoja wa wakulima wa kahawa, na mimi. "Wewe mzee utuambie ile ya mpira," akasema. "Baba alikuwa akiisimulia kila mara, lakini hakuimaliza hata siku moja." Ningekataaje? Siku ikafika, nikasimama pale Kianjokoma kwenye ukungu na baridi, nikawaambia waombolezaji jinsi timu yetu ya Depo, baada ya kufungwa mechi saba mfululizo, ilivyopanda lori kwenda Meru ikashinda mbili kwa moja, na jinsi marehemu Njeru alivyouondoa mpira dakika za mwisho. Walicheka mahali pa kucheka, wakapiga makofi. Nilikuwa nimewaambia kweli tupu, ila niliruka kitu kimoja, na kitu hicho ndicho mwaka wenyewe.

Ulikuwa mwaka wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni wakati wa Mau Mau, si ule wa kwanza, watu walipokuwa bado wakidhani ni mambo ya miezi miwili yatapita, bali baadaye, watu wakishaondolewa mashambani mwao na kurundikwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye depo ya barabara mjini Embu, kazi yangu kutoa sururu na karai asubuhi na kuzihesabu jioni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuweza kukaa mahali pamoja muda wa kumaliza kikombe cha chai. Tulilala wawili chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi, vitanda viwili vya mbao, jiko la makaa katikati, na kuta za mabati zisizofika juu, hivi kwamba jirani akikuna mguu ulijua ni mguu upi. Mwenzangu chumbani alikuwa Njeru, nyapara wa genge la kutengeneza barabara. Ndiye aliyenishika kutoka nyuma siku niliyotahiriwa kando ya mto, na kwetu mtu huyo ni baba yako mpaka mmoja wenu azikwe. Humwiti kwa jina. Humpazii sauti. Humkatizi akizungumza. Njeru alinizidi miaka saba tu, na alikoroma kupita kiasi, lakini nilimwita Baba, na jioni nilimpakulia githeri kwanza, vipande vya viazi vyote upande wake, mimi nikabaki na mahindi.

Shida ya Njeru tuliijua depo nzima. Mkewe, Kanana, alikuwa Mmeru wa upande wa Nkubu. Alikuwa amekwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, na kabla hajarudi njia zikafungwa. Mtu wa Embu, wa Meru au Mkikuyu hakuvuka kwenda wilaya nyingine bila pasi yenye jina lake na mhuri. Njeru aliomba pasi mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba sababu haitoshi. Mtoto alikuwa msichana, amepewa jina la mama yake Njeru, Rwamba, na habari zake zilimfikia vipande vipande kwa madereva: amezaliwa, ameugua, amepona. Jioni moja, tukisubiri maharagwe yaive, akaniuliza, "Ireri, mtoto wa miezi kumi na minne hufanya nini?" Mimi ningejuaje? Nikasema labda hutambaa. Kutoka upande wa pili wa mabati Mwaniki, dereva wa lori na mshambuliaji wetu wa kati, akajibu bila kuulizwa: "Huyo anakula udongo, na kila mwanamume anayemwona anamwita baba!" Nyumba zote zikacheka, chumba baada ya chumba. Njeru hakucheka. Alichukua kijiko akakoroga maharagwe muda mrefu, ingawa hayakuhitaji kukorogwa.

Sasa nieleze kwa nini tulikuwa tukifungwa, maana wengi walidhani hatujui mpira. Tulijua. Tuliumizwa na adabu. Njeru alicheza beki, mbele yangu kabisa, na kipa ndiye anayeona uwanja wote. Kazi yake nusu ni mikono, nusu ni mdomo. Kipa mwingine angepiga ukelele, "Beki, mtu wako!" Mimi nilikuwa nikianza, "Baba, samahani, huyo bwana aliye kushoto kwako, kama huoni vibaya..." na kabla sijafika kwenye bwana, mpira uko wavuni. Mnacheka, lakini jaribuni nyinyi kumfokea mtu aliyewashika siku ile. Nilijaribu kukohoa. Nilijaribu kupiga miluzi, Njeru akaniambia chumbani kwa upole kwamba yeye si mbwa. Beki wa pili naye alikuwa wa rika la Njeru, kwa hiyo hapo pia mdomo ulifungwa. Mwaniki alisema wazi kwamba Depo ndiyo timu pekee duniani inayofungwa kwa heshima zote.

Kulikuwa na jingine, na hilo halikuchekwa. Uwanja tuliofanyia mazoezi ndio uliotumiwa kuchuja watu, kuwatafuta wa Mau Mau. Siku za kuchuja, watu walichuchumalishwa kwa safu kwenye nyasi zile zile, mikono kichwani, na mtu akapitishwa mbele yao akiwa amefunikwa gunia mwili mzima, matundu mawili tu ya macho. Hakusema neno. Alinyoosha kidole. Aliyenyooshewa aliinuliwa akapandishwa gari, na hapo tena hujui. Nimechuchumaa katika safu hizo mara mbili, nikiangalia miguu ya mtu yule ikinikaribia, amevaa viatu vya raba, kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani, na hadi leo kamba ya katani haiingii nyumbani kwangu. Tangu hapo hakuna mtu Embu aliyenyoosha kidole. Ukiulizwa njia ya kwenda posta, unaonyesha kwa kidevu. Mama akimtuma mtoto sokoni, anamwonyesha kitunguu kwa midomo. Na mimi golini, mikono yangu ilikuwa imebandikwa mapajani kabisa. Kipa asiyepaza sauti na asiyenyoosha kidole ni mlingoti wa tatu.

Afisa wa Kizungu aliyesimamia ligi ile ndogo ya wafanyakazi tulimwita Bwana Saa, maana hakuwahi kuzungumza na mtu bila kuitazama saa yake. Baada ya kufungwa mechi ya saba, nyumbani kwetu hapo hapo, alikuja stoo tukiwa tunavua jezi. Akasimama mlangoni akatuambia kwa Kiswahili chake, "Nyinyi nafungwa, nafungwa, nafungwa. Petroli ya serikali iko bure? Meru ni mwisho. Nyinyi nashinda, nalala Meru, narudi Jumapili, na pasi mimi naandika tena. Nyinyi nafungwa, naingia lori palepale, nalala kambi ya barabara Chuka, na mpira kwisha." Akatazama saa, akaenda. Watu wakaanza kunung'unika juu ya jezi na viatu na refa. Njeru alikuwa amekaa juu ya debe la rangi, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Akasema polepole, "Nkubu si mbali na Meru." Kila mmoja aliyekuwemo mle stoo alijua tayari kwamba mechi ile haikuwa yetu tena, ni yake. Tukishinda, angekaa na mtoto wake Jumamosi jioni hadi Jumapili mchana, na pasi nyingine zingefuata. Tukifungwa, sijui angemwona lini, labda akiwa anaolewa. Nami ndiye niliyekuwa golini. Wiki nzima sikula vizuri, niliosha vikombe visivyo na uchafu, nilihesabu sururu mara mbili mbili na kukosea zote mbili.

Tulitoka Embu alfajiri ya Jumamosi, wachezaji kumi na mmoja na dereva wa akiba, majina yetu yameandikwa kwenye karatasi moja ambayo Mwaniki aliifunga kifuani kwa kitambaa. Kila kizuizi tulishuka, tukaitwa majina, tukahesabiwa, tukapanda. Vijana hawa wa sasa wanafika Meru kabla soda haijapata joto, sisi tulikula saa sita na vumbi lote la barabara, tena barabara tuliyoitengeneza wenyewe. Hiyo ndiyo iliyotuponya na woga. Kila kona mtu wa genge fulani alikuwa na la kusema: "Hiyo kalvati ni ya nani? Si ni yako, Nyaga? Ona maji yanapita juu!" "Yangu ni ile nyingine, wacha uongo!" Njeru peke yake hakubishana. Alikuwa ametuma salamu kwa dereva wa lori la barua kwamba Kanana afanye kila awezalo afike uwanjani na mtoto. Hakujua kama salamu zilifika. Alikaa nyuma kabisa ya lori, akifungua na kufunga kifungo cha shati lake mpaka kikang'oka, kisha akakitia mfukoni.

Uwanja wa Meru ulikuwa umezungushiwa kamba, watu wamejaa pande zote nne, na homgadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali, wamesimama hapa na pale na bunduki zao. Kijiji kizima kilipewa ruhusa kutazama kwa kuwa mechi ilikuwa ya serikali, lakini waliotoka vijiji vya mbali walihitaji pasi kama sisi. Mchezaji wao wa kuogopwa alikuwa namba tisa, fundi cherehani mwenye miguu myembamba, hukimbia kama aliyeibiwa. Dakika ya kumi tu, Njeru akampoteza. Nilimwona Njeru amesimama ameupa mpira mgongo, macho yake yakipita juu ya watu waliosimama kwenye kamba, uso baada ya uso, na fundi cherehani akapita upande wake wa kulia kama anayepita mlango ulioachwa wazi. Nilisema, "Baba, samahani..." Moja bila. Meru ikalipuka kwa vigelegele. Mimi nikaokota mpira wavuni, na nawaambia ukweli, nilitamani kuupiga kisogoni mwa mtu aliyenishika siku yangu. Nilimkasirikia kweli. Kabla ya mapumziko Mwaniki alisawazisha kwa kichwa, lakini hasira yangu haikutoka.

Wakati wa mapumziko tulitafuna miwa nyuma ya goli. Njeru akaja akachuchumaa karibu yangu, jasho linamtiririka, akaninong'oneza, "Nimemwona." Nikauliza nani. "Mtoto. Wako upande ule, karibu na kona. Kanana amembeba mgongoni. Ireri, ana meno!" Akacheka, akajifuta uso kwa jezi, na nikaona kwamba si jasho peke yake. Nikakusanya adabu yangu yote nikamwambia, "Baba, nakuomba. Kipindi cha pili mtazame namba tisa. Tukifungwa tunapanda lori, na hutamshika huyo mtoto." Akasema, "Nitamtazama." Na alimtazama kweli, dakika ishirini nzima, hata fundi cherehani akaanza kumlalamikia refa kwamba beki huyu ananifuata kama mkwe wangu. Kisha tukapata kona, mpira ukagonga mgongo wa beki wao mmoja asiyejua hili wala lile, ukaingia. Mbili moja. Mwaniki alikimbia uwanja mzima akishangilia mgongo wa mtu mwingine.

Tulibaki na dakika chache. Meru wakatushukia wote. Niliupangua mmoja, mwingine ukagonga mlingoti, na kila mara nilipoinuka nilimtafuta Njeru kwa macho. Mara nikamwona amesimama tena. Mtoto alikuwa ameteremshwa mgongoni. Amesimamishwa chini mbele ya kamba, ameshikwa mikono miwili, anapiga hatua. Baba yake alikuwa akimwona mwanawe akitembea kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mpira mrefu ukaja juu ya kichwa chake ukaangukia miguuni mwa namba tisa. Hakuna mtu kati yake na mimi. Sijui kilichonipasuka kifuani. Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi mji wa Maua: "Njeru! Wewe Njeru mjinga! Huyo! Huyo!" Nikanyoosha mkono wote, na kidole mbele yake, kuelekea kona ile.

Uwanja ulinyamaza. Tusi hawakulijali, kidole ndicho kilichowanyamazisha. Njeru aligeuka kwa mshtuko, maana hajawahi kusikia jina lake kinywani mwangu, akamwona fundi cherehani, akajitupa chini na miguu yote miwili na kuupeleka mpira nje ya kamba. Nilikuwa bado nimenyoosha mkono. Na pale kidole kilipoelekea, nyuma ya namba tisa, katikati ya wanawake, mwanamume mwenye koti jeusi akaruka, akawasukuma watu, akaanza kukimbia kuelekea mtoni. Hakuna aliyekuwa amemtazama kabla ya hapo. Lakini mwaka ule mtu akikimbia alikuwa ameshajishtaki, na homgadi wawili wakamfuata wakipiga filimbi. Walimkamata kwenye mteremko. Tuliona wakimpandisha, mmoja kila mkono, koti limechanika. Refa, mwalimu wa shule ya kanisa, aliwatazama, akatutazama sisi, akasema kwa sauti isiyokuwa yake, "Mpira wa kurusha, Meru." Tukaendelea. Mtu anaburutwa upande ule, na huku sisi tunacheza. Filimbi ya mwisho ikapigwa, wenzangu wakaniinua mabegani, na nikiwa juu huko ndipo nilipomwona Kanana amekaa chini kwenye vumbi, mtoto mapajani, akilia bila kujificha.

Tulilazwa kwenye darasa la mwalimu yule aliyekuwa refa, madawati yamesukumwa ukutani, na wanawake wa kanisa wakatuletea nduma na mukimo na chai ya maziwa kwenye birika kubwa. Jua lilikuwa bado likiangaza milima ya Nyambene. Mwaniki na wengine walikuwa wakiirudia mechi, na kila waliporudia, mabao yalizidi kuwa mazuri. Njeru aliingia na Kanana. Akachuchumaa katikati ya darasa, akamfungulia mtoto mikono, na wote tukasubiri. Rwamba alimtazama mtu huyu mwenye magoti yaliyochubuka. Akafikiri. Kisha akampita, akatembea hatua zake sita za kilevi mpaka kwa Mwaniki, akamshika suruali, akamwita baba. Maskini Mwaniki! Alitaka ardhi immeze. "Si mimi! Si mimi, mama, ni yule!" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, na safari hii Njeru naye alicheka, akacheka kupita sote, na kabla birika halijaisha mtoto alikuwa amelala kifuani mwake, mdomo wazi, na Njeru akihesabu meno yake kwa ncha ya kidole kidogo bila kuyagusa.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nikimtazama Kanana. Hakuwa amegusa chakula. Ndipo akasema, kwa Kiswahili, ili sote tusikie: aliyekamatwa ni Mwiti, kaka yake. Ndiye aliyemleta kwa miguu kutoka Nkubu, akimbebea mtoto, kwa kuwa mwanamke peke yake barabarani hakuwa salama. Mwiti hakuwa na pasi. "Alikuwa ametulia," akasema. "Hakuna aliyemwona. Kisha mtu wenu akanyoosha kidole. Nilikuwa nimemwinamia mtoto, sikuona ni nani." Nikafungua mdomo. Njeru, mtoto kifuani, akaniangalia akasema, "Ireri, nenda ukaoshe miguu." Nikasema, "Baba, mimi ndi..." "Nenda ukaoshe miguu." Basi nikatoka. Nilisimama nje karibu na pipa la maji, ukuta wa mbao katikati yetu, na nikamsikia Kanana akiuliza, "Ni nani? Niambie ni nani kati yenu." Njeru alijibu kwa sauti ya chini sana, na sikulisikia jibu lake. Nilijimwagia maji miguuni, nikajimwagia tena. Kanana aliponiona baadaye, alinipa chai. Nikachukulia kwamba Njeru alikuwa amemwambia haikuwa kosa la mtu, ilikuwa bahati mbaya tu.

Tulishinda mechi nyingine mwaka ule, tukafungwa nyingine, lakini Bwana Saa aliendelea kuandika pasi, na Njeru alimwona mtoto wake kila tulipokwenda upande huo. Mwiti alipelekwa kambini. Nilisikia ni kambi mbili, kisha ya tatu. Mwisho wa mwaka nilihamishiwa depo ya Isiolo, na asubuhi ya kuondoka, nikifunga blanketi langu, nikamwambia Njeru, "Baba, ile siku ya Meru." Akasema, "Ulinitusi, na ulikuwa na haki. Yameisha." Nikasema simaanishi tusi. "Nimesema yameisha." Na mtu aliyekushika humkatizi. Nilitii kwa zaidi ya miaka hamsini. Hata alipokuja arusini kwangu, hata nilipokwenda kumwona akiwa mgonjwa, amedhoofika, tulizungumza juu ya kahawa na mvua. Huwa najiambia ilikuwa heshima. Ilikuwa heshima, ndiyo, lakini nilifurahi pia kwamba ananikataza, na mwoga akishapata heshima ya kujifunika hatoki humo kwa urahisi.

Sasa hiyo siku ya mazishi. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, watu wakaanza kupanga foleni ya chakula, nami nikatafuta kiti mwishoni mwa hema. Mzee mmoja alikuwa amekaa hapo peke yake, mrefu, amevaa koti zito, mkongojo katikati ya magoti. Msichana wa kugawa chakula alipita na sahani, akampita bila kusimama, na jirani yangu akaninong'oneza, "Huyo ni mjomba wa Rwamba, kutoka Meru. Huyo hali kitu nyumba hii. Hata Kanana alipozikwa hakuonja." Nikahisi miguu ikinianza. Nilitaka kuinuka, lakini mzee alikuwa ameshanigeukia. "Wewe ndiye uliyesema ya mpira," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa kipa." Nikakubali. "Mimi ni Mwiti. Nilipotoka kambini nilikuwa nikimtafuta kipa. Mimi niliona kidole tu, sikuona mwenye kidole. Watu waliniambia ni kipa, na nilikuja Embu na panga kwenye gunia, sikufichi. Nikafikia kwa shemeji yangu, aniambie unapolala. Akaniambia nimekosea. Akasema kipa alikuwa akifoka tu, kidole kilikuwa chake yeye. Alikuwa akiwaonyesha wenzake mtoto wake." Akavuta pumzi. "Mtu mzima ananyoosha kidole wakati ule, aonyeshe mtoto! Sikumpiga. Ni baba wa mtoto wa dada yangu. Lakini tangu siku hiyo sijala chakula chake, na dada yangu ameingia kaburini tukiwa hivyo."

Nilikuwa nimeshika sahani yangu, mukimo na nyama, na sikuweza kuiweka chini wala kuila. Nilijua sasa ni nini Njeru alisema nyuma ya ukuta ule wa mbao, na kwa nini Kanana alinipa chai kwa mikono yake miwili. Mwiti akaniegemea. "Wewe ulikuwa nyuma yake, uliona kila kitu. Leo amezikwa, na mimi sina muda mrefu. Nataka nisikie kwa shahidi. Ulimwona akininyooshea kidole?" Pale mbele watoto wa Njeru walikuwa wakiwagawia watu soda. Ningeweza kusema ndiyo, na angeinuka akaenda zake Meru. Nikasema, "Hapana, Mzee. Kilikuwa changu. Nilikuwa nikimwonyesha namba tisa. Yeye hakuinua mkono kabisa."

Aliangalia mkono wangu wa kulia, kisha akatazama kule kaburini, udongo bado ni mbichi na mashada yameegemezwa. Midomo yake ilikuwa ikitembea, nikadhani anasali, au ananilaani, na yote mawili ningeyapokea. "Mtu huyo," akasema hatimaye, "alikuwa akinipakulia mwenyewe. Kila nikija. Anaweka sahani mbele yangu, inapoa, anaiondoa. Haniulizi." Akajifuta macho kwa ukingo wa koti, kwa hasira, kama mtu anayefuta kitu kisicho chake. Kisha akanisukuma goti kwa mkongojo. "Inuka. Kaniletee chakula cha Njeru."

Nikainuka upesi kuliko nilivyoinuka kwa miaka mingi. Nikamwambia nitaleta, na nitakaa naye tule pamoja.

"Hapana," akasema. "Wewe leta sahani moja."

Nikaiweka yangu juu ya kiti, haijaguswa, nikaenda nikapanga foleni.